Maswali ya Wasomaji: Mchezo Gani wa Video Unamfaa Anayejifunza Kijapani?

Barua kuhusu lugha ya Kijapani zimekuwa zikitufikia mara kwa mara, na nyingi kati yake haziulizii vitabu wala walimu bali michezo ya video. Tumechagua tano na kuzijibu pamoja, kwa kuwa jibu la mmoja linamsaidia mwingine. Barua zenyewe tumezifupisha bila kubadili maana.

Maandishi yanapita kabla sijasoma

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi. Hiragana na katakana, yaani herufi za silabi za Kijapani, nimekwisha kuzijua, na darasani tumemaliza juzuu ya kwanza ya Minna no Nihongo. Nina kompyuta mpakato ya kawaida. Wenzangu wananishauri nicheze gemu kubwa za mapigano kwa Kijapani kwa sababu ndizo zinazovutia, lakini kila nikijaribu, maneno yanapita kabla sijasoma hata nusu. Je, tatizo ni mimi au ni gemu?*

Tatizo si wewe. Mchezo wa mapigano huandikwa kwa ajili ya mtu anayeielewa lugha tayari: maneno hutamkwa huku adui akishambulia, na maandishi yaliyo chini ya skrini hufutika mara sauti inapokwisha, hata kama macho yako bado yanahangaika na kanji ya pili, yaani ile herufi ya kubeba maana yenye asili ya Kichina. Mjapani hana haja ya kuyasoma kwa sababu ameshayasikia. Wewe unayahitaji, na hupewi nafasi. Kwa hiyo kigezo cha kwanza, ambacho kwa maoni yetu kinavizidi vingine vyote, ni kwamba maandishi yasubiri mpaka ubonyeze kitufe. Sentensi inayokaa palepale hadi uiruhusu kuondoka inakuachia muda wa kufungua kamusi, kunywa chai, kisha kurudi na kuisoma tena. Umaarufu wa mchezo, uzuri wa picha zake na umri wa watu uliokusudiwa ni mambo ya kufikiria baadaye.

Kigezo cha pili ni kama mchezo unakulazimisha kuelewa. Ipo michezo mingi ambayo mtu anaweza kuimaliza bila kusoma lolote, kwa kufuata mishale na kubonyeza tu. Mchezaji wa namna hiyo akimaliza saa arobaini atakuwa amejifunza kubonyeza. Mchezo unaokidhi vigezo vyote viwili, na ambao kompyuta yako inaumudu, ni mfululizo wa Gyakuten Saiban, unaouzwa nje ya Japani kwa jina la Ace Attorney. Ulianza mwaka 2001 kwenye Game Boy Advance, na mwaka 2019 sehemu zake tatu za kwanza zilitolewa kwa pamoja kwa ajili ya kompyuta na mashine nyingine, Kijapani kikiwa miongoni mwa lugha za kuchagua. Mchezaji ni wakili wa utetezi. Shahidi anatoa maelezo yake sentensi baada ya sentensi, nawe unaruhusiwa kwenda mbele na kurudi nyuma katika sentensi hizo kadiri upendavyo, ukitafuta ile inayopingana na kielelezo ulicho nacho mkononi. Ukidhani umeelewa kumbe hukuelewa, hakimu anakuadhibu. Hilo ni zoezi la ufahamu ambalo mwalimu yeyote angejivunia kulitunga.

Tusikufiche ugumu wake. Kanji zake hazina msaada wa matamshi juu yake, na msamiati wa mahakamani haumo katika juzuu uliyoimaliza: *shōnin* ni shahidi, *shōko* ni ushahidi, *hikokunin* ni mshtakiwa, *bengoshi* ni wakili. Lakini maneno haya hurudiwa mno kiasi kwamba utakapomaliza kesi ya kwanza, ambayo ni fupi na imetungwa kwa nia ya kumfundisha mchezaji kanuni, utakuwa huyatafuti tena. Hapa ndipo mchezo unapolipita gazeti kama somo la kusoma: habari ya gazeti huisha na maneno yake, wakati kesi huyazungusha maneno yaleyale kutoka kinywa cha shahidi hadi cha hakimu na kurudi, kila mara katika sentensi tofauti kidogo.

Liko jambo lingine la sarufi ambalo huwashtua wanafunzi wengi. Kitabu chako huanza na lugha ya adabu, yenye *desu* na *masu*, na umbo la kawaida la vitenzi hulifikia katika somo la 20; umbo la kuamrisha halifiki mpaka somo la 33, yaani katika juzuu ya pili. Michezo haisubiri hivyo. Mtu wa kwanza kukutana naye anaweza kukupigia kelele *nigero!*, yaani kimbia, na kitenzi hicho wewe umekizoea kwa umbo la *nigemasu* tu. Kabla ya kununua mchezo wowote, pitia somo hilo la 33 haraka, hata kama mwalimu hajalifikia, na uwe na jedwali la maumbo ya vitenzi karibu nawe. Msemaji wa Kiswahili hapaswi kuyaogopa majedwali hayo. Aliyezoea kupata *lisha*, *liwa* na *lishwa* kutokana na *la* ataona jambo la kawaida kabisa *taberu*, yaani kula, inapozaa *tabesaseru*, *taberareru* na *tabesaserareru*.

Ukiona mahakama ni nzito mno kwa sasa, chukua mchezo ambao tayari umeucheza kwa Kiingereza. Vijana wengi wa kwetu wanaifahamu Stardew Valley, ambayo imekuwa na Kijapani tangu mwaka 2017 na haihitaji kompyuta yenye nguvu. Kila siku ya mchezo unanunua mbegu, unamwagilia, unauza mavuno na kuongea na wanakijiji walewale, kwa hiyo *tane* (mbegu), *mizu* (maji) na *hatake* (shamba) vitakuganda kichwani bila kuvikariri. Kwa kuwa unakijua kinachotakiwa kutokea, utaweza kukisia maana ya sentensi usiyoielewa, na ukisio huo ni nusu ya kusoma. Wapo wanaoipinga michezo ya namna hii kwa hoja kwamba Kijapani chake ni cha tafsiri. Hoja hiyo ina uzito kwa msomaji wa juu. Kwa aliyemaliza masomo 25 ya juzuu ya kwanza, sisi hatuoni madhara.

Kuhusu ununuzi, ukurasa wa kila mchezo katika duka la mtandaoni la Steam una jedwali la lugha lenye safu tatu: maandishi na menyu, sauti kamili, na manukuu. Lisome jedwali hilo kabla ya kulipa. Ipo michezo ambayo Kijapani chake kina alama kwenye safu ya sauti lakini hakina kwenye safu ya maandishi, maana yake utasikia Kijapani huku ukisoma Kiingereza, na macho siku zote huyashinda masikio. Duka hilo pia hukubali kurudisha fedha ikiwa hazijapita siku 14 tangu ununue na hujacheza zaidi ya saa mbili. Saa mbili zinakutosha kabisa kupima: ukijikuta unatafuta kila neno la kila sentensi, rudisha mchezo na uchague mwingine, bila kuona haya.

Usitafute kila neno, hata hivyo. Isome sentensi yote kwanza, endelea kama umepata kiini chake, na uliandike daftarini neno lile tu ambalo limekurudia mara kadhaa au ambalo bila hilo huwezi kusonga mbele. Programu ya Google Lens kwenye simu husoma kanji moja kwa moja kutoka kwenye skrini, ingawa hukosea pale herufi zinapokuwa za vidoti vikubwavikubwa vya michezo ya zamani.

Mtoto wa darasa la sita na Pokémon

*Ndugu Mhariri, mwanangu yuko darasa la sita hapa Tanga. Mjomba wake anayeishi Muscat amemletea Nintendo Switch, na sasa ananiambia kwamba akinunuliwa Pokémon atajifunza Kijapani. Mimi sijui hata herufi moja ya lugha hiyo. Anasema kweli, au ananizunguka ili acheze?*

Mama, anasema kweli, ila hajasema yote.

Pokémon ilipotolewa kwa mara ya kwanza nchini Japani, Februari 1996, kwenye Game Boy, maandishi yake yote yalikuwa ya kana, yaani hiragana na katakana bila kanji, tena yakiwa na nafasi kati ya neno na neno. Kijapani cha kawaida hakiachi nafasi hizo. Toleo la Black na White la mwaka 2010 lilimpa mchezaji uhuru wa kuchagua kati ya kana na kanji, na tangu X na Y za mwaka 2013 lugha nyingi zimekuwa zikiwekwa ndani ya toleo moja, kwa hiyo kopi iliyonunuliwa Muscat, Dubai au London ina Kijapani kilekile. Angalia tu jambo moja: katika matoleo ya Switch kama Sword na Shield ya mwaka 2019, lugha huulizwa mwanzoni kabisa, na ikishachaguliwa haibadilishwi mpaka safari yote ifutwe na kuanzwa upya. Mtoto akiteua Kiingereza siku ya kwanza kwa haraka ya kucheza, atakuwa amechagua Kiingereza kwa miezi.

Mapigano ya Pokémon ni ya zamu, kwa hiyo hakuna anayemkimbiza. Kila pambano linamwonyesha amri zilezile: *tatakau*, kupigana; *nigeru*, kukimbia. Majina ya mapigo, vifaa na miji yatajirudia hadi ayasome bila kufikiri. Kwa mtoto aliyeijua hiragana juzi, hicho ndicho anachokihitaji.

Lakini kana tupu ina kikomo chake. Lugha ya Kijapani ina maneno mengi yanayotamkwa sawa, na kanji ndiyo inayoyatofautisha. *Hashi* iliyoandikwa kwa hiragana inaweza kuwa daraja, vijiti vya kulia au ukingo. *Kami* inaweza kuwa mungu, karatasi au nywele. Ndiyo maana mtu mzima wa Japani husoma maandishi ya kana tupu polepole kuliko yenye kanji, na ndiyo maana tunashauri kwamba mtoto asikae kwenye kana kwa muda mrefu. Hatua inayofuata ni mchezo wenye furigana, yaani kana ndogo zilizoandikwa juu ya kila kanji kuonyesha inavyotamkwa. Watoto wa Japani hufundishwa kanji 1,026 katika miaka yao sita ya shule ya msingi, na orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina 2,136, kwa hiyo watengenezaji wa michezo inayolenga watoto huziweka furigana kwa ajili ya wateja wao wenyewe. Mgeni ananufaika kwa msaada ambao hakukusudiwa yeye.

The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya mwaka 2017 ina furigana, nayo hufuata lugha iliyowekwa kwenye mashine. Kwa umri wa mwanao tungependelea zaidi Yo-kai Watch, iliyoanza mwaka 2013 kwenye Nintendo 3DS na kutolewa upya kwa Switch nchini Japani mwaka 2019. Mhusika wake mkuu ni mtoto wa darasa la tano anayeishi katika mtaa wa kawaida, anayekamata wadudu, kugombezwa na mama yake na kwenda dukani. Kijapani anachokisikia ni cha nyumbani na shuleni, si cha wafalme na mazimwi. Toleo hilo la Switch huuzwa Japani na lina Kijapani pekee, lakini Switch haibagui kopi kwa nchi, kwa hiyo kadi ya mchezo iliyotoka Tokyo itafanya kazi kwenye mashine iliyotoka Muscat.

Kabla ya kumnunulia chochote, mpe sharti: aandike hiragana zote 46 za msingi kwa mkono, mbele yako, bila kutazama. Baada ya hapo mwambie akusomee kwa sauti dakika chache za kila anachocheza. Irabu za Kijapani ni a, i, u, e, o kama zetu, na karibu kila silabi huishia na irabu, kwa hiyo hata usipoelewa maana utaweza kumfuatilia kwa chati ya hiragana iliyobandikwa ukutani, na utajua mara moja kama anasoma au anabuni.

Nina simu tu

*Mhariri, salamu kutoka Mwanza. Mnapozungumzia gemu za Kijapani mnataja kompyuta na mashine za bei. Sisi wenye simu tu na bando la wiki tufanyeje?*

Anza na Neko Atsume ya kampuni ya Hit-Point, iliyotolewa mwaka 2014 na ambayo haitozwi fedha kuipakua. Unaweka chakula na vichezeo uani, paka wanakuja, unawapiga picha, basi. Ilipotoka ilikuwa kwa Kijapani tupu, na wageni wengi waliicheza hivyohivyo kabla Kiingereza hakijaongezwa mwaka 2015, kwa sababu menyu ni chache na kila kitu kinaonekana. Kampuni hiyohiyo ilitoa Tabi Kaeru mwaka 2017, mchezo wa chura anayesafiri na kukuletea picha za maeneo halisi ya Japani, nao mwanzoni mwa mwaka 2018 ulienea kwa kishindo nchini China ukiwa bado kwa Kijapani. Michezo hii haina hadithi ndefu, wala hatudai kwamba itakufikisha mbali. Inakufundisha menyu, majina ya vitu na subira.

Stardew Valley tuliyoieleza hapo juu inapatikana pia kwa Android. Hulipiwa mara moja, na ukishaipakua unaicheza bila intaneti, jambo linalolifaa bando lako. Herufi zake kwenye simu ndogo ni za kukodoa macho.

Na usiidharau katakana ya menyu. *Aitemu*, *sēbu*, *rōdo*, *menyū*: haya ni maneno ya Kiingereza (item, save, load, menu) yaliyovikwa irabu, kama sisi tulivyofanya kwa hoteli na basi, ambazo Wajapani wanaziita *hoteru* na *basu*. Yasome kwa sauti na sikio lako litayatambua upesi kuliko jicho.

PlayStation 2 ya mtumba kutoka Japani

*Ndugu Mhariri, nimenunua PlayStation 2 ya mtumba Kariakoo, iliyoingia kwenye kontena pamoja na vyombo vingine kutoka Japani. Nataka kuitumia kujifunzia lugha. Kuna la kuangalia kabla sijaiwasha?*

Lipo, na tunashukuru umeuliza kabla. Umeme wa Japani ni wa volti 100, wetu ni 230. Geuza mashine, au adapta yake kama ni ile nyembamba, na usome kibandiko. Kikiandikwa 100V peke yake, usiichomeke ukutani bila transfoma ya kupunguza umeme. Itaungua palepale, na fundi atakachokuuzia ni pole. Kikiandikwa 100–240V, chomeka bila wasiwasi.

La pili ni kwamba PlayStation 2 imefungwa kwa kanda za kijiografia. Mashine ya Japani inasoma diski za Japani, kwa hiyo diski halisi iliyouzwa kwa ajili ya soko la Ulaya haitakubali. Kwa mtu wa kawaida huo ni usumbufu, lakini kwa shabaha yako ni heri, kwa kuwa hutapata mwanya wa kukimbilia Kiingereza. Tafuta Boku no Natsuyasumi, ama ya kwanza ya mwaka 2000, iliyotengenezwa kwa PlayStation ya kwanza lakini inayosomwa na mashine yako, ama ya pili ya mwaka 2002. Ni hadithi ya mtoto wa kiume anayepelekwa kwa ndugu kwa likizo ya Agosti 1975, kuanzia tarehe 1 hadi 31. Anavua samaki, anakamata wadudu, anakaa mezani na familia na kusikiliza maongezi ya wakubwa. Kijapani cha meza ya chakula ndicho kinachokosekana katika michezo mingi, na humo kimejaa. Ukija kupata Switch au kompyuta, mtunzi wake, Kaz Ayabe, alitoa mchezo wa mkondo huohuo, Natsu-Mon, nchini Japani mwaka 2023 na nje mwaka 2024.

Kwa wengine wanaowinda mitumba: mashine ya mkononi ya PSP haibagui michezo kwa nchi, Nintendo 3DS inabagua. Na kwa anayefikiria kumwagiza ndugu aliyeko Japani, ajue kuwa Nintendo Switch 2 iliyotoka Juni 2025 inauzwa huko kwa namna mbili. Ile iliyoanza kwa bei ya yen 49,980 ina Kijapani pekee na hukubali akaunti iliyosajiliwa kwa nchi ya Japani tu. Ile ya lugha nyingi ilianza kwa yen 69,980. Tofauti ya bei inashawishi, na lugha ya mashine inaweza hata kukufaa, lakini sharti la akaunti ndilo linalouma, kwa sababu akaunti uliyonayo ya nchi nyingine, pamoja na michezo uliyokwisha kuinunua kwayo, haitaingia.

Nitaongea kama jambazi?

*Ndugu Mhariri, shikamoo. Natoka Mombasa na ninajiandaa kuomba ufadhili wa masomo nchini Japani. Mwalimu wangu ameniambia niache kabisa kujifunza kwa gemu, kwa sababu nitaongea kama jambazi au samurai na nitawakera watu. Je, ana haki?*

Marahaba. Hofu ya mwalimu wako ina msingi, ingawa dawa aliyoiagiza ni kali kupita ugonjwa.

Hadithi za Kijapani, na michezo zaidi, huwapa wahusika namna za kusema zinazowatambulisha papo hapo. Mzee mwenye hekima hujiita *washi* na kumalizia sentensi kwa *ja*. Samurai hujiita *sessha* na kusema *de gozaru*. Kijana mkorofi hujiita *ore* na kumwita mwenzake *omae* au, akikasirika, *kisama*. Mtaalamu wa isimu Satoshi Kinsui, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Osaka, aliyaeleza mambo haya katika kitabu cha mwaka 2003 na kuyapa jina la *yakuwarigo*, yaani lugha ya wahusika. Wazee halisi wa Tokyo hawasemi hivyo. Kijapani cha namna hii hueleweka na kila mtu na hakitumiwi na karibu mtu yeyote.

Mtego mwingine ni mdogo na wa kuchekesha. Katika Animal Crossing, ambayo toleo lake la Switch ni la mwaka 2020, kila mnyama ana kibwagizo chake anachokitundika mwishoni mwa sentensi. Mwanafunzi asiyejua huweza kukaa muda mrefu akikitafuta kibwagizo hicho katika kitabu cha sarufi. Neno la mwisho ambalo halimo katika kamusi yoyote, na linalosemwa na mnyama mmoja tu, liache lilivyo.

Sasa, wewe ni mtu wa Pwani. Ulituandikia shikamoo, na bila shaka humsalimu babu yako kwa neno unalomtupia rafiki wa barazani, ingawa maneno yote mawili unayajua na unayahitaji. Kijapani kinakudai uangalifu huohuo. Unachopaswa kuandika daftarini si neno na maana yake tu. Ongeza nani amelisema na alimwambia nani. Kwa zoezi hili tunaupendekeza Persona 5 Royal, uliofika kwenye kompyuta na Switch mwaka 2022. Mhusika wake ni mwanafunzi wa sekondari mjini Tokyo, na hadithi inafuata kalenda ya shule inayoanza Aprili, kwa hiyo utawasikia vijana walewale wakiongea na marafiki, wakimjibu mwalimu na wakizungumza na watu wazima. Mazungumzo mengi yana sauti na maandishi, na huweza kusomwa tena katika kumbukumbu ya mchezo. Ni mrefu mno na kanji zake ni nyingi; tusingempa mtu ambaye hajafikia wala kukaribia kiwango cha N3, yaani cha kati, katika mtihani wa JLPT tunaoueleza hapa chini.

Mfululizo wa Ryū ga Gotoku, ulioanza mwaka 2005, nao ni mzuri kwa masikio, na mtaa wake wa Kamurochō umechorwa kwa kuiga mtaa halisi wa Kabukichō, Shinjuku, mjini Tokyo, hadi mabango. Wahusika wake lakini ni watu wa magenge. Usikilize, ujifunze kuwaelewa, halafu usimwige hata mmoja utakapofika kwenye dirisha la msajili wa chuo.

Kumbuka pia kwamba JLPT, mtihani wa umahiri wa Kijapani, ambao Nairobi ni miongoni mwa vituo vyake na ambao una viwango vitano kutoka N5 kilicho rahisi hadi N1 kilicho kigumu, hupima msamiati, sarufi, kusoma na kusikiliza. Hauna sehemu ya kuzungumza. Michezo itakusaidia kwa mambo hayohayo yanayopimwa, na itakuacha bubu kwa lile lisilopimwa, kwa hiyo mwalimu wako usimwache. Yeye ndiye mtu wa kukusahihisha unapofungua mdomo. Mpelekee mapatano: utaendelea kucheza, lakini kila wiki utachagua mistari michache iliyosemwa kwa lugha ya kirafiki au ya ukali na kuigeuza yote kuwa ya *desu* na *masu*, kisha atakusikiliza ukiisema. *Omae wa dare da?* ya jambazi, yaani wewe nani, igeuze iwe *Dochira-sama deshō ka?*, ambalo ndilo swali ambalo hata karani wa mapokezi angekuuliza. Uanze na mistari ya wanafunzi katika Persona, na ile ya magenge uifuatishe baada ya mwalimu kuridhika.